Jina la Binamu Juu ya Karatasi

Mjomba wangu hakuwa mtu mbaya. Naanza na hilo kwa sababu wanangu, kila ninapowasimulia habari za kaka yangu, hukimbilia kumlaani mjomba kabla sijafika katikati. Huwaambia nyamazeni, nyinyi hamkula kwake. Sisi tulikula kwake. Baba alipofariki, nikiwa bado nabebwa mgongoni, mjomba alikuja mwenyewe Magomeni na gari la mkono, akapakia kitanda cha mama, sufuria zake na mtungi wa maji, akatuleta nyumbani kwake Kariakoo. Akatupa vyumba vya uani. Kuanzia siku hiyo mama hakuwahi kuulizwa chumvi imekwisha lini wala kwa nini kibatari bado kinawaka.

Alikuwa mdogo wa mama, tumbo moja, na alimheshimu. Mbele ya nyumba alikuwa na duka la mchele, samli na papa mkavu, na harufu ya papa ilitukaa kwenye nguo hata tukienda harusini. Jioni alikula sinia moja na kaka yangu na mwanawe wa pekee, binamu yetu. Nyama ikiwa kidogo aliikata kwa vidole vyake, akawasogezea wote wawili sawasawa. Hayo niliyaona kwa macho yangu.

Kaka na binamu walikuwa hirimu moja. Walilala mkeka mmoja, wakatahiriwa pamoja, wakapelekwa skuli ya serikali siku moja. Hapo ndipo njia zao zilipoanza kuachana, ingawa wenyewe hawakuachana. Kaka alikuwa na kichwa cha ajabu. Jambo akilisikia mara moja limeingia. Mimi sikupelekwa skuli. Wakati ule mtoto wa kike mtaani kwetu alikwenda chuoni kusoma Kurani, basi. Kaka alikuwa akirudi mchana ananikalisha nyuma ya jiko, anachukua mkaa, ananiandikia ukutani yale aliyofundishwa asubuhi. Mama akipaka chokaa tunaanza upya. Kusoma kwangu kote, hata haya ninayoyaandika leo, kumetoka kwenye ukuta ule.

Binamu hakuwa mjinga, msimfikirie hivyo. Alikuwa akinusa samli na kukwambia kama imechanganywa mafuta, na wateja wakorofi waliondoka dukani wakicheka. Lakini mbele ya karatasi alikuwa mtu mwingine. Akiwekewa Kiingereza jasho linamtoka, herufi zinamkimbia. Alichapwa mno skuli ile. Usiku alimwomba kaka amweleze tena, na kaka alimweleza tena, na asubuhi yote yamekwisha kuyeyuka.

Sasa, mjomba alikuwa na donda moja moyoni. Alipokwenda forodhani kukomboa mzigo wake, aliwakuta vijana wadogo wamekaa nyuma ya meza, wamevaa suruali nyeupe, kalamu sikioni. Alikuwa anasoma Kurani na kuandika hesabu zake kwa herufi za Kiarabu, lakini maandishi ya Kizungu yalikuwa giza kwake. Mmoja wa vijana wale alimwambia mbele za watu, "Mzee, wewe hujui kusoma, kaa pembeni upishe wanaojua." Aliyarudia maneno hayo nyumbani mara nyingi, kila mara kama ameambiwa leo. Akaweka nadhiri kwamba mwanawe atakaa nyuma ya meza ile.

Njia ilikuwa moja. Mwisho wa masomo ya pale mjini kulikuwa na mtihani, na waliofanya vizuri, wachache sana, walichukuliwa kwenda skuli ya juu huko bara, safari ya gari moshi. Waliotoka huko ndio waliokuwa makarani na walimu. Mwaka ule zamu ilikuwa ya kaka na binamu.

Ijumaa moja baada ya chakula mjomba alikuja uani kwetu. Hakuwa na kawaida hiyo. Alipiga hodi kwenye ua wake mwenyewe, mama akamtandikia mkeka, na mimi nilikuwa pale pale napepeta mchele. Kaka aliitwa, akaja akakaa.

"Dada," mjomba alisema, "nimekuja kuomba."

Mama alicheka kidogo. "Una nini cha kuomba kwetu sisi, ndugu yangu?"

Mjomba hakucheka. Alimgeukia kaka. "Siku ya mtihani mtakaa chumba kimoja wewe na mwenzako. Nimeulizia. Mzungu atakayesimamia hawajui nyinyi kwa sura, na walimu wenu hawaingii. Kila mtu anaandika jina lake juu ya karatasi." Akavua kofia, akaiweka gotini. "Nataka wewe uandike jina lake. Na yeye aandike lako."

Kaka alidhani ni mzaha, akatabasamu, kisha tabasamu likamtoka. "Na mimi je, mjomba?"

"Wewe utarudia mwakani. Kichwa chako hakitaoza kwa mwaka mmoja. Lakini huyu mwenzako akianguka mwaka huu ataanguka na mwakani, na mwaka wa baada yake. Namjua, ni mwanangu."

Binamu alikuwa amesimama kwenye mlango wa ukumbi, na baba yake hakumwona. Nilimwona mimi. Alikuwa ameshika pazia, na aliyasikia yote.

"Sikulazimishi," mjomba aliendelea. "Wallahi ukikataa, hapa ni kwenu, na leo jioni utakula nami kama jana. Nakuomba tu."

Na ninaamini ingekuwa hivyo. Angekataa wangekula pamoja jioni ile. Angetishwa, labda mtoto yule angepata ukali wa kujibu. Lakini aliombwa, na mtu mzima, mtu aliyemlea, na mtu huyo alikuwa ameinamisha kichwa.

Kaka alimtazama mama. Alimtazama kwa muda mrefu. Mama alikuwa anachomoa ukindu kwenye pindo la mkeka, anachomoa tu, mpaka pindo likaachia. Kisha akasema, bila kuinua uso, "Mwanangu, mjomba wako hajapata kutuomba kitu."

Kaka akasema, "Haya, mjomba," akaenda kuchota maji.

Siku ya mtihani waliondoka asubuhi kwa miguu, wamevaa kanzu zilizopigwa pasi, wakapitia Mnazi Mmoja mpaka kwenye jumba moja huko mjini, karibu na posta. Walirudi alasiri. Binamu aliingia chumbani akajifunika shuka gubigubi. Kaka alikaa nasi jikoni, akala muhogo, akamwambia mama, "Ilikuwa nyepesi, mama. Hakuna swali lililonishinda." Alisema kwa furaha kabisa, kama mtoto anayetaka kusifiwa. Halafu akakumbuka. Mama akampa kipande kingine cha muhogo.

Majibu yalipotoka, jina la binamu lilikuwa la kwanza katika mji mzima. Jina la kaka halikuwamo.

Mjomba alichinja mbuzi. Ilisomwa maulidi, watu wakajaa mpaka barabarani, na kaka ndiye aliyepita na birika akiwanawisha wageni mikono. Wazee walimpiga bega wakamwambia asihuzunike, kila mtu na riziki yake. Uani, wanawake walimwambia mama kwamba hizo ndizo hasara za mtoto kukosa baba, hana wa kumkemea akasoma. Mama alijibu, "Ndiyo, alipuuza." Nilikuwa namshikia sinia. Akaendelea kupanga vikombe, hata vile vilivyokuwa vimekwisha kupangwa.

Siku chache baadaye, mwalimu wao alikuja. Alikuwa mtu wa Tanga, mrefu, mpole, aliyevaa viatu vya turubai vilivyopakwa chokaa. Mjomba alikuwa msikitini. Kaka alimpa shikamoo, akamtolea kiti barazani, na mama nami tukakaa nyuma ya mlango wa mbele, uliokuwa umerudishwa nusu.

"Nimewafundisha nyinyi wawili tangu mko wadogo," mwalimu alisema. "Najua kichwa kipi kina nini. Sikuja kukugombeza. Nieleze mlichokifanya kule ndani."

"Tulifanya mtihani, mwalimu."

"Nani aliandika nini?"

Kaka alimsogezea kikombe cha kahawa.

"Sikiliza, mwanangu. Yule Mzungu, Bwana wa elimu anayeshika skuli zote, ananijua. Nikimwendea leo nikamwambia kuna makosa ya majina, wamekosea watoto, huenda akakubali kuwaita mbele yake muandike upya. Huenda. Lakini siwezi kwenda na dhana. Niambie neno moja tu."

"Nilizidiwa, mwalimu," kaka alisema. "Mtihani ulikuwa mgumu. Nitarudia mwakani."

Niliyasikia magari ya mkono yakipita kuelekea sokoni na mpagazi akipiga kelele apishwe njia. Kisha mwalimu akauliza taratibu, "Nani amekwambia kuna mwakani?"

"Si ninarudia darasa?"

"Hakuna kurudia. Nafasi ni chache, na wadogo zako wako nyuma yako. Aliyeanguka mtihani huu hapokelewi tena. Hukujua?"

Mama alinishika mkono akanibana mpaka nikaumia. Nilijua anataka kusimama. Mlango ulikuwa mbele yake, wala haukufungwa. Kutoka alipo mpaka kwa mwalimu palikuwa pafupi kuliko kutoka hapa nilipo mpaka dirishani. Lakini nyumba ile ilikuwa ya ndugu yake, na ndugu yake angeitwa mdanganyifu mbele ya serikali, na binamu angerudishwa, na yote yangekuwa yametoka kinywani mwake. Hakusimama.

"Niambie basi," mwalimu alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Hata kwa kutikisa kichwa."

Kaka alisema, "Nilizidiwa, mwalimu. Nisamehe."

Mwalimu aliondoka bila kugusa kahawa. Kaka alibaki barazani. Mjomba aliporudi kutoka msikitini alimkuta pale pale, akamwuliza kulikoni, na kaka akamweleza maneno ya mwalimu, moja baada ya moja, kwa utulivu. Mjomba alishika nguzo ya baraza. "Sikujua," alisema. "Wallahi sikujua. Mimi nani wa kuyajua hayo?" Nakwambieni, na hakujua.

Usiku ule binamu alilia, akasema haendi kokote, heri aseme yote. Aliyemzuia ni kaka. Alimwambia, "Nenda. Tusipotee wote wawili." Siku ya safari alimbebea sanduku mpaka stesheni, akampandishia, akasimama dirishani akimfundisha maneno ya Kiingereza mpaka gari likaondoka.

Kwa muda kaka hakuugusa mkaa. Aliuza mchele dukani, akapima na kufunga, na watu wakamsifu adabu yake. Kisha akajitafutia kazi mwenyewe. Alipata utarishi kwenye ofisi moja ya serikali huko posta, kazi ya kupeleka barua na kuchemsha chai. Karani mkuu wa pale, Mhindi mmoja mzee, siku moja alimkuta anasoma jarida lililotupwa. Akamjaribu hesabu. Akamjaribu tena. Baada ya hapo akawa anamkalisha kando yake mchana na kumpa kazi za kunakili, na alimwahidi kumsemea kwa Bwana awekwe karani mdogo. Kaka akaanza kurudi nyumbani akipiga mluzi. Tukarudi kwenye ukuta wetu. Nilikuwa msichana mkubwa sasa, karibu kuwekwa ndani kama mwari, na alinifundisha kwa haraka, kama mtu anayepakia mzigo kabla ya mvua.

Upande wa pili mambo ya binamu yalikuwa mabaya. Alirudi likizo amekonda. Alinieleza mwenyewe, tumekaa uani, kwamba kule walimsubiri kama mtu aliyeshinda mji mzima. Walipomwona hawezi hesabu ya mtoto, walimu walidhani ni kiburi na uvivu, wakamchapa zaidi kuliko wengine. "Ningekuwa mjinga wa kawaida wangenihurumia," alisema. "Mimi ni mjinga mwenye jina la werevu." Mwaka wa pili haukwisha, wakamrudisha. Alishuka stesheni na sanduku lake, akapita moja kwa moja dukani, akavua viatu, akaanza kupima mchele.

Mjomba hakumgombeza. Alikuwa ameacha hata kukaa barazani na wenzake. Nadhani alikuwa anaona sasa kwamba nafasi moja ameipoteza kwa watoto wawili, na hakuweza kulibeba jambo hilo. Basi akafanya jambo ambalo hakumshauri mtu. Alivaa joho lake la sikukuu, akachukua mkalimani njiani, akaenda kwa Bwana wa elimu, akasema yote. Alikusudia kuubeba mzigo peke yake. Alikusudia kusema, mwanangu hakustahili, mwana wa dada yangu ndiye mwenye akili, mnipe adhabu mimi na mumpe yeye nafasi yake.

Aliporudi alikuwa mwepesi, karibu mwenye furaha. "Nimesema, dada," alimwambia mama. "Wameandika kila kitu."

Mama alikuwa anakuna nazi. Aliacha. "Wameandika jina la nani?" aliuliza.

Waliandika majina ya wote wawili. Kwa serikali hapakuwa na mwerevu wala mjinga katika habari ile, palikuwa na vijana wawili waliodanganya kwenye mtihani wa serikali, na mmoja wao alikuwa anakula mshahara wa serikali. Kaka aliitwa ofisini kwake. Yule karani mzee Mhindi ndiye aliyetumwa kumwambia, na kaka alisema mzee yule alishindwa kumtazama. Akavuliwa sare. Aliambiwa asiombe kazi tena ofisi yoyote ya serikali.

Jioni ile sinia liliwekwa kama siku zote. Kaka alikaa, akala, akamsogezea mjomba kitoweo. Hakumwambia neno lolote baya, si siku ile wala baadaye. Mjomba ndiye aliyeshindwa kumeza. Alisema, "Nitupie hata neno moja, mwanangu." Kaka akajibu, "Kula mjomba, chakula kinapoa."

Kesho yake aliukoroga mwenyewe udongo wa chokaa, akapaka ukuta wa nyuma ya jiko, wote, tabaka juu ya tabaka. Nilimwuliza tutaanza lini tena. Akasema, "Unajua vya kutosha. Vingine vitakuumiza."

Haukupita muda akajiunga na vijana waliokuwa wanakwenda bara ya kusini kwenye machimbo ya dhahabu. Mama alimfungia mikate ya ufuta. Alimbusu mama mkono, akampa mjomba shikamoo, akamkumbatia binamu, wakakaa wamekumbatiana mpaka wenzake wakamwita. Mimi nilikuwa nimeshawekwa ndani, nikamwona kupitia nafasi ya dirisha, kisogo chake tu, na kofia.

Hatukumwona tena. Salamu zilikuja kwa vinywa vya wasafiri, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha kimya. Mimi niliolewa nikahamia mtaa wa tatu, na kila asubuhi nilipokwenda kumjulia mama hali nilimkuta ameshafagia mpaka nje ya mlango wa mbele, sehemu isiyokuwa yake kufagia.

Aliyeleta habari alikuwa mchimbaji mwenzake, mtu wa makamo, mwenye kikohozi. Alitafuta nyumba kwa kuuliza sokoni. Tulimkaribisha ukumbini, mjomba na binamu wakiwapo, mama na mimi tumekaa chini karibu na mlango. Alisema kaka alishikwa na homa ya matumbo wakati wa mvua, wakamwuguza, wakamzika vizuri, alikuwapo mtu wa kusoma talakini. Alisema alikuwa mtu mwema, mgawaji wa chakula, asiyegombana.

"Kitu kimoja kilitusikitisha," mgeni alisema, na alisema kwa wema tu, kutaka kutuliwaza kwa kumkumbuka. "Maskini, hakupata kusoma. Kambini wengi hatujui, basi tulitafuta wa kutuandikia barua. Tulimwuliza na yeye, akasema hajui hata alifu. Akija mtu na gazeti, anakaa nasi anasikiliza anavyosomewa. Siku moja nikamwambia, mbona sura yako ni ya mtu msomi? Akacheka sana."

Binamu aliinuka akatoka, na tukamsikia uani akijigonga kichwa ukutani. Mjomba alikuwa amefumba macho. Mgeni alitutazama, akaona amekosea, asijue alipokosea.

Mama ndiye aliyemjibu. "Ndiyo, baba," alisema. "Hakupata kusoma. Ahsante kwa kumzika."

Mjomba hakuishi sana baada ya matanga. Mama alimuuguza mpaka mwisho, akampikia uji, akamnyosha miguu, akamfumba macho. Binamu alibaki na duka, akalea watoto, na hakuwaruhusu wamchukie mtu yeyote. Mama nilimchukua kwangu.

Uzeeni alikuwa na swali moja. Huenda alikuwa anachambua mboga, au anaswalisha wajukuu, au amelala nadhani amesinzia. Alikuwa akiuliza, "Ningesema hapana siku ile, ungeniona sina shukrani?"

"Hapana, mama," nilimjibu.

"Wewe ulikuwa mdogo. Yeye je? Angeniona sina shukrani?"

"Hapana, mama. Alikuwa anakungoja useme."

Hilo la mwisho nililisema siku moja tu, nikajuta. Siku nyingine zote nilijibu hapana, nikaishia hapo, naye aliitikia kwa kichwa kama aliyetosheka. Kisha kesho yake, au baada ya swala, akauliza tena.